SUP, PSP-3000 na Game Boy Color: kasoro za sauti, naanzia wapi?

Kijana_wa_Nkuhungu

Wakuu, habarini za jioni. Nina kibanda cha simu hapa Dodoma na siku hizi naletewa na gemu za mkononi. Simu naziweza, gemu nazijua juujuu tu. Tatu ziko mezani, zote kasoro ni sauti.

SUP, ile gemu ndogo ya mkononi yenye michezo 400 ndani, inayotumia betri ya BL-5C. Inawaka, picha safi, lakini kimya kabisa. Aliyeifungua kabla yangu ameunga waya mmoja wa spika kwenye hasi ya betri. Ikikaa imewashwa dakika chache, kuna IC (chipu) ndogo ya miguu minane inapata moto. Nimebadilisha spika kwa kuweka ya simu, bado kimya.

PSP-3000. Ukichomeka hedifoni inasikika vizuri masikio yote mawili. Ukichomoa, spika hazitoi kitu.

Game Boy Color. Sauti ipo ila inakwaruza kila ukizungusha gurudumu la sauti, na mara nyingine inafifia mpaka uigonge mgongoni.

Nina multimita, pasi ya kulehemu inayorekebishika joto, bloa ya hewa ya moto na flaksi (dawa ya kusaidia lehemu ishike). Osiloskopu, kile kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, sina. Nisaidieni mpangilio, sitaki kubadilisha vipuri kwa kubahatisha.

---

BintiKisasa

Kaka, PSP usiifungue kwanza. Pale mbele chini ya kioo kuna kitufe chenye alama ya noti ya muziki. Ukikishikilia kidogo, mashine inanyamaza. Watoto hukibana bila kujua. Kishikilie tena uone. Kisha ingia kwenye mipangilio ya sauti uangalie AVLS, ile inayoweka kikomo cha juu cha sauti. Mteja anayelalamika kwamba "sauti ni ndogo" mara nyingi amewashiwa hiyo.

Kama vyote viko sawa, kwa dalili ulizotaja mtuhumiwa ni tundu la hedifoni. Ndani yake kuna vibati vya chemchemi. Plagi ikiingia, vinahama mkao, na hivyo mashine inajua ihamishie sauti masikioni. Vumbi au kutu kikikaa hapo, mashine inaamini hedifoni bado zimo. Mulika na tochi pia, usije ukakuta ncha ya plagi imevunjikia ndani.

---

Lehemu60_40

Naichukua SUP, kwa sababu hapo kuna jambo ambalo mafundi wengi wa simu na redio hulipitia bila kulitazama.

Kwanza ng'oa huo waya wa spika kwenye hasi. Usiwashe tena kabla ya kuung'oa. IC ya miguu minane ukiisoma kwa kioo cha kukuza huenda ikawa na namba 8002. Ni ampulifaya (kikuza sauti) ya daraja: inasukuma spika kutoka pande zote mbili, upande mmoja ukipanda mwingine unashuka. Hakuna waya wa spika unaotakiwa kugusa hasi. Redio za zamani zilikuwa na waya mmoja wa spika kwenye hasi, na mtu akiileta tabia hiyo kwenye 8002 anakuwa ameipeleka nusu ya volti ya betri moja kwa moja hasi. Moto unaoupata kwenye IC umetoka hapo.

Miguu yake, ukianza na ile yenye kidoti na kuzunguka kinyume cha saa: 1 ni ya kuinyamazisha, 2 ni ya rejea (ina kapasita, kipuri cha kuhifadhi chaji, kwenda hasi, kwa kawaida maikrofaradi 1 au karibu yake), 3 na 4 ni za kuingizia sauti, 5 ni tokeo la kwanza, 6 ni umeme, 7 ni hasi, 8 ni tokeo la pili.

Chomoa spika, weka betri yenye chaji, washa, ncha nyeusi ya multimita kwenye hasi, kisha pima volti za DC:

Mguu 6: karibu sawa na betri, yaani 3.7 hadi 4.2. Usipopata kitu hapo, rudi nyuma utafute swichi au njia iliyokatika, IC haina kosa.

Mguu 1: karibu na sifuri. Ukiwa juu, IC imeamriwa inyamaze. Hapo usiibadilishe hata kidogo. Fuata ule mguu unatoka wapi, ama kwenye prosesa ama kwenye tundu la AV linalodhani waya wa TV umechomekwa.

Mguu 2: karibu nusu ya mguu 6. Ukisoma sifuri wakati mguu 1 uko chini, kapasita yake imeshoti au IC imekufa. Ng'oa kapasita, pima tena. Nusu ikirudi, kapasita ndiyo mbaya.

Miguu 5 na 8: kila mmoja nusu ya mguu 6, na kati yao tofauti isizidi makumi machache ya milivolti. Mmoja ukiwa nusu na mwingine uko sifuri au juu kabisa, tokeo limeungua. Badilisha IC.

Tupe namba utakazopata.

Halafu kuhusu hiyo spika ya simu: umetoa ipi? Simu ina mbili. Ile ya juu ya sikioni mara nyingi ni ohm 32, ile ya chini ya mlio ni ohm 8. Kwa volti ileile, ya ohm 32 inapata robo ya nguvu ya ohm 8, kwa hiyo hata IC ikipona utasikia mlio wa mbu. Pima kwa multimita: spika ya ohm 8 husoma 7 na kitu, kwa sababu multimita inapima waya wa koili tu. Isiyosoma kabisa imekatika.

---

Kijana_wa_Nkuhungu

Shukrani mkuu. Waya nimeung'oa. Betri 3.92. Mguu 6: 3.90. Mguu 1: 0.02. Mguu 2: 1.94. Mguu 5: 1.95. Mguu 8: 0.07.

Spika niliyoweka inasoma 31. Na ile ya mwanzo ya SUP haisomi kabisa.

Dada, kitufe cha noti nimekishikilia, AVLS imezimwa. PSP bado kimya. Tochi haionyeshi kitu ndani ya tundu.

---

Lehemu60_40

Basi SUP ina magonjwa mawili: tokeo la pili la IC limekufa, na spika ya mwanzo imekatika koili. Ukibadilisha kimoja tu itabaki kimya au itasikika kwa mbali.

Hakikisha kitu kimoja kabla ya kung'oa. Zima, toa betri, pima ohm kati ya mguu 8 na hasi, kisha kati ya mguu 5 na hasi. Kama 8 inasoma ohm chache na 5 inasoma kubwa, angalia kwanza kama hakuna tone la lehemu alilomwaga aliyetangulia chini ya waya. Likiwepo, safisha, pima upya. Lisipokuwepo, IC.

Kung'oa: flaksi pande zote mbili, bloa nyuzi 350, usilenge karibu na kioo wala lile tone jeusi la gundi lililofunika chipu kuu. Chipu hiyo haibadilishiki. Ukiiua, gemu imekwisha. Funika jirani kwa tepu ya kuzuia joto. Safisha vibati kwa utambi wa shaba, weka IC mpya kidoti upande uleule, lehemu mguu 7 kwanza ili isihame, halafu mingine kwa pasi ya nyuzi 320 hadi 340.

8002 ziko nyingi kwenye spika ndogo za bluetooth zilizokufa, zile za bei nafuu. Soma namba kabla ya kuhamisha, maana kuna IC za miguu minane zenye umbo hilohilo na mpangilio mwingine kabisa. Usipoipata mjini, maduka ya vipuri Kariakoo wanaiuza na mzigo hauna uzito, unapandishwa basi.

Spika: ohm 8, wati 0.5 hadi 1, na kipenyo kinachoingia kwenye kiti chake. Usiweke ya ohm 4 kwa tamaa ya kelele. Kwa betri ya 3.7, daraja likifika kilele kwa ohm 8 ni kama wati 0.85 kwa hesabu ya makaratasi, na ohm 4 inadai mara mbili ya hapo. IC inachemka, volti ya betri inadondoka, na kioo kinaanza kupepesa kila mlio mkubwa ukipiga. Nimeona watu wanalaumu betri kwa hilo.

Kulehemu waya kwenye spika usikae zaidi ya sekunde mbili. Plastiki inayoshika kibati inayeyuka na koili inapinda, halafu spika inakoroma milele.

---

Mkwaju

Spika kabla ya kuifunga ijaribu kwa betri ya AA ya 1.5. Gusisha na kuachia haraka: nzima inatoa "tak" na karatasi inasogea. Ikitoa mkwaruzo badala ya "tak", kuna chembe ndani.

Na chembe ni tatizo la huku kwetu hasa. Vumbi hili jekundu la kiangazi lina chembe za chuma, na sumaku ya spika inazivuta hadi kwenye mwanya wa koili. Usipulize kwa kompresa ya gereji. Inatoboa karatasi, na ndani ya ule mpira kuna maji na oili. Tumia brashi laini na gemu ikiwa imeinamishwa, kisha tepu ya gundi iguse taratibu kwenye wavu ivute chembe. Zilizokwishaingia ndani ya koili hazitoki, badilisha.

Ukishamaliza weka kipande chembamba cha kitambaa cha wavu nyuma ya matundu ya kava. Kisiwe kizito, kitaziba sauti.

---

BintiKisasa

Narudi kwenye PSP. Kabla ya kufungua, jaribu kusafisha tundu kutoka nje. Toa betri. Lowesha plagi ya 3.5 mm ya hedifoni mbovu kwa alkoholi ya isopropili, ya asilimia 99 ukiipata, isiwe inadondoka matone. Ingiza, izungushe, toa, futa uchafu, rudia mara ishirini hivi. Acha nusu saa ikauke. Weka betri, jaribu bila hedifoni.

Ikirudi na kupotea tena ukitikisa, chemchemi imelegea, tundu linataka kubadilishwa. Isiporudi kabisa, fungua. Angalia ndani ya chumba cha betri, kuna skrubu zilizojificha chini ya stika. Watu hulazimisha kava hapo na kuvunja vishikizo.

Ukifika kwenye bodi, betri ikiwa nje, pima miguu ya tundu kwa mlio wa multimita (inalia njia ikiwa imeunganika). Tafuta miguu ambayo hali yake inabadilika plagi ikiingia na kutoka. Kama plagi ikiwa nje na ndani majibu ni yaleyale kwa miguu yote, swichi ya ndani ya tundu haifanyi kazi. Kama inabadilika vizuri, tundu ni zima na sasa ndipo utazame spika na migusano yake.

Kuna wanaounga waya mdogo juu ya swichi ili spika zifanye kazi muda wote. Usifanye hivyo kabla hujajua swichi hiyo inafunga au inafungua plagi ikiingia, kwa sababu matundu hayafanani. Ukikosea umeinyamazisha moja kwa moja. Na hata ukipatia, mwambie mteja kwamba spika zitaendelea kulia akivaa hedifoni.

---

Dogo_wa_Makole

Alkoholi ya nini wakati petroli ipo? Au tina, ile ya kuchanganyia rangi. Mimi bodi zote nasafisha hivyo.

---

BintiKisasa

Bodi ya simu iliyo uchi, labda. Ndani ya tundu la plastiki, hapana. Tina inalainisha plastiki na kufuta rangi ya kava, petroli inaacha mafuta yanayokusanya vumbi, na kwa vumbi la hapa baada ya wiki chache umerudi ulipoanza. Tena petroli karibu na pasi ya moto ndani ya kibanda cha mbao!

Spiriti ya duka la dawa, ile ya asilimia 70, inafaa kwa dharura tu. Iliyobaki humo ni maji, kwa hiyo ongeza muda wa kukausha na usirudishe betri mapema.

---

Mzee_wa_Multimita

Game Boy Color mmeisahau. Ile inafunguka kwa bisibisi ya ncha tatu zenye umbo la Y. Usitumie bapa kulazimisha, vichwa vya skrubu vinalika na kuvitoa ni kazi nyingine.

Mkwaruzo wa gurudumu na kufifia kunakopona kwa kugonga ni vitu viwili tofauti. Usivichanganye.

Mkwaruzo: gurudumu ni njia ya kaboni yenye ulimi unaoteleza juu yake. Uchafu ukikaa, ulimi unaruka. Gemu ikiwa imezimwa na betri nje, tia dawa ya kusafishia migusano, tone moja au mawili kwenye mwanya wa gurudumu, kisha zungusha mwanzo hadi mwisho mara thelathini au zaidi. Alkoholi tupu inasafisha lakini inakausha na grisi, gurudumu linabaki linasaga. Baada ya hapo pima ohm kati ya mguu wa ulimi na mguu wa pembeni huku unazungusha polepole. Namba ipande bila kuruka. Ikikatika kabisa sehemu fulani, kaboni imelika, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Kufifia: chomeka hedifoni. Zikififia pamoja na spika, tatizo liko kabla ya spika. Zikibaki imara huku spika inafifia, angalia waya mbili za spika na tundu la hedifoni, na pashia upya lehemu ya miguu yake.

Kama vyote vinafifia, nenda kwenye umeme. Betri mbili za AA mpya zinatoa volti 3 na kidogo. Washa, weka multimita kwenye DC, gusa ncha zote mbili juu ya swichi yenyewe, upande wa kuingia na wa kutokea. Swichi safi inapoteza milivolti chache tu. Ikipoteza 0.2 au zaidi, hiyo ndiyo inayoinyima ampulifaya umeme. Pima vilevile kati ya ncha ya betri na kibati chake.

Kapasita ziache mwisho. Dalili yake si kukwaruza. Ni besi kupotea au sauti nzima kuwa nyembamba kwenye hedifoni. Hesabu ni rahisi: kapasita ya maikrofaradi 100 ikilisha hedifoni za ohm 32 inaanza kukata chini ya herzi 50. Ikikauka ikabaki na 10, inakata chini ya herzi 500, na besi yote imeondoka. Ukiibadilisha, soma thamani iliyoandikwa juu ya iliyopo, volti iwe ileile au zaidi, na upande wa hasi usikosee.

---

Kijana_wa_Nkuhungu

Majibu wakuu.

SUP inalia. Chini ya waya kulikuwa hakuna tone la lehemu, nikatoa 8002 kwenye spika ya bluetooth, sasa miguu 5 na 8 ni 1.94 na 1.95. Spika ya mlio ya ohm 8 imeingia kwa kukata ukingo wa plastiki kidogo. Ila ikiwa kwenye chaji inaunguruma, ukichomoa chaji inatulia.

PSP imerudi kwa plagi na alkoholi, bila kufungua. Nimeitikisa, haipotei.

Game Boy: hedifoni na spika zinafifia pamoja. Juu ya swichi nasoma 0.31, ukiigonga inashuka 0.04. Kwenye vibati vya betri hakuna tofauti ya maana.

---

Lehemu60_40

Muungurumo wa kwenye chaji jaribu chaja nyingine nzuri kabla hujagusa kitu. Chaja nyepesi hazina chujio la kutosha na uchafu wake unaingia kwenye ampulifaya. Ikibaki hata kwa chaja nzuri, ongeza kapasita ya maikrofaradi 220, volti 10, kati ya mguu 6 na 7, karibu kabisa na IC. Ikipungua bila kuisha, iache. Mwambie mwenyewe acheze ikiwa imechomolewa, na BL-5C itadumu zaidi.

---

Mzee_wa_Multimita

0.31 inayoshuka kwa kugonga ni swichi, usitafute kwingine. Toa betri, tia tone la dawa ya migusano pembeni mwa kitelezi chake, washa na zima mara hamsini, acha ikauke, pima. Ikishuka chini ya 0.05 na kubaki hapo hata ukigonga, funga kava.

Isiposhuka, ing'oe kwenye bodi. Kifuniko chake cha bati kinashikwa na vikucha vinavyokunjwa. Vikunjue kwa kibano, vibati vya ndani vimekuwa vyeusi. Vifute kwa kifutio cha penseli, usitumie msasa, unaondoa utando wa juu na weusi unarudi haraka. Paka grisi kidogo mno ya plastiki kwenye kitelezi, rudisha kifuniko, lehemu. Vile vichemchemi vya ndani vinaruka ukikunjua kifuniko, fanyia ndani ya mfuko wa plastiki unaoona ndani.